PTSD Coach kwenye simu ya dereva wa ambulensi

Naendesha ambulensi barabara ya Tororo–Malaba, mashariki mwa Uganda, penye malori ya mafuta, na PTSD Coach naifungua nikishaosha machela. Ni programu ya simu ya bure ya kusaidia wenye PTSD (msongo unaobaki akilini baada ya tukio la kutisha), kutoka wizara ya wanajeshi wastaafu ya Marekani, ya mwaka 2011. Haidai akaunti. Zoezi la kupumua ndilo langu: sauti inakuongoza taratibu, vuta, shusha, mpaka mikono iache kutetemeka kwenye usukani. Kile kipimo cha msongo nacho husema kweli kuliko mimi (wenzangu wote husema "niko sawa tu"). Kiswahili hamna, na namba za dharura ni za Marekani, lakini unaruhusiwa kuweka zako. Yangu ya kwanza ni ya nesi wa zamu, si ya bosi.