Tahadhari: jQuery haiuzwi, na ile mnayouziwa inaiba

Wenzangu mnaotengeneza tovuti, hasa mlioanza juzijuzi: kuna mtu anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp akiuza "leseni ya mwaka" ya jQuery (maktaba ya msimbo wa JavaScript inayotumika kutengeneza tovuti) kwa shilingi 60,000. Ukilipa anakutumia faili, pamoja na stakabadhi yenye mhuri. Mdogo wangu, niliyemfundisha kazi mwenyewe, alishalipa kabla hajaniuliza.

John Resig aliitoa jQuery mwaka 2006, na iko chini ya leseni ya MIT. Unaitumia bure, unaibadilisha, unaiweka hata kwenye tovuti ya mteja anayekulipa, mradi usifute tamko la hakimiliki lililo juu ya faili. Haina mwaka wa kuisha.

Hela peke yake ningeisamehe. Kilichonitisha ni lile faili. Toleo 3.7.1 lililobanwa lina KB 87 hivi, na hili lilizidi. Nikalilinganisha na la jquery.com, tovuti rasmi ya jQuery, nikakuta mistari ya ziada ndani ya fanksheni (kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja) ya end, ambayo huitwa na fadeTo, ile inayofifisha kitu polepole. Yaani kila tangazo lilipofifia kwenye ukurasa, yote aliyoandika mtu kwenye fomu (jina, simu, nywila) yalichukuliwa na kupelekwa kwenye anwani tusiyoijua. Na tovuti ambamo mdogo wangu aliliweka ni ya duka, watu wananunua kila siku!

Mbinu yenyewe inajulikana. Mwaka 2024 watafiti wa Phylum, kampuni ya usalama wa programu, walifichua jQuery iliyotiwa sumu vivyo hivyo, kwenye end na fadeTo, ikisambazwa kupitia npm na GitHub, maghala ya mtandaoni ya msimbo.

Pakueni jquery.com tu. Mkiivuta moja kwa moja kutoka code.jquery.com, nakilini na ile sehemu ya integrity, yaani alama ya kuthibitisha faili. Faili likibadilishwa hata herufi moja, kivinjari kinalikataa. Mtu akikupa toleo la chini ya 3.5.0, hata likiwa safi usilitumie, lina matundu ya usalama yaliyozibwa Aprili 2020.

Uliyekwisha kuliweka, litoe leo hii, badilisha nywila zote za tovuti, kisha mwambie mwenye tovuti ukweli ili naye awaambie wateja wake. Najua ni aibu. Mdogo wangu alilia, lakini alipiga simu.

Muuzaji ameshabadilisha namba mara mbili. Wenye stakabadhi za mhuri huo msizitupe, Jumatatu tunakwenda polisi nazo.