Kompyuta ya sebuleni: vipuri nilivyochagua na pale nilipokosea

Kompyuta hii imekaa sebuleni kwetu, Dar es Salaam, kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa, ikiwa imeunganishwa na runinga ya inchi 55 kwa waya wa HDMI. Nilitaka mashine moja ya kuchezea gemu usiku na ya kuonyesha filamu familia inapokaa pamoja, kwa hiyo nilijali ukimya wake kama nilivyojali kasi yake.

Kwa kuwa fedha hazikutosha kununua kadi ya grafiki tangu mwanzo, nilichagua prosesa (ubongo wa kompyuta) ya AMD Ryzen 5 5600G, yenye viini 6 na grafiki zake za ndani, yaani sehemu ya kuchora picha iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Kwa filamu ilitosha, lakini gemu ya mpira ilikwamakwama hata nilipopunguza ubora wa picha, na chanzo kilikuwa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Muuzaji alinipa kijiti kimoja cha GB 16 akisisitiza kwamba ni sawa na vijiti viwili vya GB 8. Si sawa hata kidogo, kwa sababu grafiki za ndani hazina kumbukumbu yake zenyewe bali huazima ile ya kompyuta, na kijiti kimoja huziachia njia moja tu ya kupitisha data badala ya mbili. Nilipoweka vijiti viwili, kisha nikawasha XMP (mpangilio wa kasi ya RAM) kwenye BIOS, menyu ya mipangilio ya msingi ya kompyuta, ili vifikie kasi ya 3200 MT/s iliyoandikwa kwenye boksi, gemu ile ile ilianza kwenda bila kigugumizi.

Miezi mitano baadaye niliongeza kadi ya Radeon RX 6600 yenye GB 8, ambayo hutumia takriban wati 132. Runinga yetu ni ya 4K, lakini gemu naziacha kwenye 1080p, yenye nukta chache zaidi za picha, kwani kutoka kwenye kochi macho yangu hayaoni tofauti inayostahili bei ya kadi kubwa zaidi. Faida ambayo sikuitarajia ilikuwa kwenye video: kadi hii hufungua video za AV1 (namna mpya ya kubana video) yenyewe, kazi ambayo awali ilibebwa na prosesa peke yake hadi feni ikavuma katikati ya mazungumzo ya filamu. Kwa mwenye fedha za kadi tangu siku ya kwanza, ningeshauri Ryzen 5 5600 ya kawaida, yenye akiba ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 32 badala ya 16 na inayotumia PCIe 4.0, njia ya kuwasiliana na kadi, badala ya 3.0. Mimi isingenifaa, maana haina grafiki za ndani na ningekaa miezi mitano nikitazama skrini nyeusi.

Kuhusu kasha la kompyuta sina mengi: chukueni lenye wavu mbele, si kioo, na mlipulize vumbi mara kwa mara.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni umeme. Nilikuwa na pawa saplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) nzuri ya wati 550 pamoja na UPS, yaani kifaa chenye betri cha kushikilia umeme unapokatika, ya bei nafuu, nikaamini nimejikinga, lakini kila umeme ulipokatika kompyuta ilizimika papo hapo ilhali UPS ikiendelea kulia. Fundi mmoja alinieleza kwamba UPS za namna hiyo hutoa wimbi la umeme la ngazi ngazi, na baadhi ya pawa saplai zenye PFC amilifu (saketi inayorekebisha jinsi zinavyovuta umeme) hulikataa. Nilinunua nyingine inayotoa wimbi laini kama la umeme wa ukutani, kwa bei iliyoniuma, na tangu hapo kompyuta haijazimika ghafla. Runinga, hata hivyo, sikuichomeka kwenye UPS hiyo, kwa hiyo umeme ukikatika gemu huendelea gizani bila sisi kuiona, nami hupapasa kitufe cha kuzimia kwa tochi ya simu.