Kishikio cha bastola ndogo: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Malalamiko kuhusu kishikio cha bastola ndogo huwa matatu. Kinateleza. Au ni kifupi, kidole cha mwisho kinabaki kinaning'inia hewani. Au unene wake haulingani na mkono, kwa hiyo kidole cha shahada hakikai sawasawa kwenye kifyatulio. Kila lalamiko lina dawa yake, na pesa nyingi hupotea kwa sababu mtu ananunua dawa ya ugonjwa wa jirani. Bastola inamteleza, yeye anaagiza kishikio kirefu cha alumini. Mkono wake ni mdogo, yeye anavisha soksi ya mpira inayozidi kuinenepesha.

Soko la vifaa hivi liko Marekani, kwa hiyo bei ni za dola na sheria ninazozitaja ni za huko, isipokuwa pale mwishoni. Nimepanga kuanzia ninachokiona bora hadi ninachokiona kibaya. Kigezo changu ni kimoja: je, ukikosea unaweza kurudi ulikoanzia?

Kwanza pima mkono wako. Toa magazini, vuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) nyuma, tazama chemba, yaani tundu risasi inapokaa, kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe ni tupu. Risasi zibaki chumba kingine. Elekeza mtutu mahali salama, shika bastola juu kadiri uwezavyo, mtutu ukiwa mstari mmoja na mfupa wa mkono. Sasa gusa kifyatulio. Kama ni lazima uzungushe kiganja ndipo kidole kifike, kishikio ni kinene kwako. Kama kidole kinapita hadi kwenye kiungo cha pili, ni chembamba. Kama kinatua vizuri ila bastola inacheza mkononi ukitoa jasho, tatizo lako ni utelezi tu, na hilo huondoka kwa dola ishirini na kitu.

Jambo la pili ni kujua namba ya utambulisho imechongwa wapi, maana kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani sehemu yenye namba hiyo ndiyo silaha yenyewe. Kwenye bastola za Glock namba iko kwenye kibati kilichozamishwa ndani ya fremu ya plastiki, yaani mwili wa chini wa bastola, chini ya mtutu. Fremu na kishikio ni kitu kimoja, kwa hiyo huwezi kuagiza kishikio kingine cha Glock kama unavyoagiza viatu. Fremu ikishakuwa silaha, lazima ipitie duka lenye leseni. Kwenye bastola za SIG Sauer P320 na P365 namba iko kwenye sanduku dogo la chuma lenye mitambo ya kifyatulio, na kishikio kinachobaki ni ganda la plastiki linaloletwa mlangoni na posta. Tofauti hiyo moja ndiyo inayoamua nusu ya orodha hii.

1. Vipande vya mgongo ambavyo tayari unavyo

Hivi hufungwa nyuma ya kishikio ili kubadili unene wake. Gharama yake ni sifuri, na inashangaza ni bastola ngapi zimeuzwa mara ya pili huku mfuko wa vipande hivi haujafunguliwa. Glock 19 imeanza kuja navyo tangu toleo la Gen4 la mwaka 2010. Fremu ikiwa tupu ndiyo ndogo kuliko zote. Kipande cha kati kinaongeza milimita 2 nyuma, kikubwa milimita 4. Vingine vina mkia unaopanda juu ya kiganja, na huo unawafaa wenye mikono minene ambao slaidi huwakwaruza. Milimita mbili zinasikika kama mzaha hadi pale kidole chako kinapohama kutoka ncha hadi kwenye nyama yake ya katikati.

Smith & Wesson M&P M2.0 Compact ina vipande vinne. Iliyokwenda mbali zaidi ni kampuni ya HK: kwenye VP9 na mdogo wake VP9SK unabadilisha mgongo na mbavu za pembeni pia, jumla ya mipangilio 27, hata upande wa kushoto na wa kulia wa kishikio kimoja ukatofautiana. Kama bado hujanunua bastola na unajua mkono wako ni wa taabu, huo ndio ushauri wangu mkubwa kuliko wote: nunua inayokuja na vipande, uache habari za kukarabati baadaye. Angalia lakini kwamba Glock 43X na 48, zile nyembamba, hazina migongo ya kubadilisha.

2. Mkanda wa kubandika

Talon Grips ndio wanaojulikana zaidi. Unanunua karatasi iliyokatwa kwa umbo la bastola yako hasa, unafuta kishikio kwa spiriti, unabandika, unapitisha draya ya nywele ili gundi ishike, unakandamiza kona. Kazi imeisha kabla chai haijapoa. Ukichoka nao, draya ile ile inalainisha gundi na unaubandua bila kovu. Bei ni kama dola 20 hadi 25.

Uamuzi uko kwenye aina ya uso wa mkanda. Ule wa chembechembe una ukali wa msasa. Uwanjani, mikono ikiwa na jasho, haupati mpinzani. Lakini ukivaa bastola kiunoni chini ya shati siku nzima, utakula bitana ya koti, utakula shati, mwisho utakula ubavu wako. Wa mpira haushiki kwa nguvu hiyo, ila unaweza kuishi nao. Siku hizi kuna wa kati, na kama ningechagua mmoja kwa mtu nisiyemjua ningechagua huo. Adui wa yote ni mafuta ya kusafishia bunduki: yakitiririka chini ya ukingo, kona zinaanza kunyanyuka, kwa hiyo futa kabla hayajakaa.

Kama hutaki hata hiyo dola ishirini, kata kipande cha tyubu ya baiskeli na ukivishe kwenye kishikio. Sitanii. Wapiga shabaha wa Marekani wamefanya hivyo kwa miaka mingi, na mtu yeyote aliyefunga mzigo kwenye keria ya baiskeli anajua mpira ule unavyoshika. Hakikisha tu haufuniki kitufe cha kutolea magazini.

3. Ganda jipya la plastiki, kwa wenye SIG

Hapa ndipo wenye P320 na P365 wanapowacheka wenzao. Unatoa slaidi, unachomoa wenzo wa kufungulia, unainua sanduku la mitambo, unaliweka kwenye ganda lingine. Bastola ni ile ile, namba ni ile ile, mkono mpya. SIG wenyewe huuza maganda ya P320 kwa saizi ndogo, ya kati na kubwa, na jeshi la Marekani lilipoichagua P320 mwaka 2017 kwa majina ya M17 na M18, uwezo huo wa kubadili kishikio ulikuwa sehemu ya ilichokuwa inanunua.

P365 ya mwaka 2018 ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu udogo wake ndio sifa yake na ndio lalamiko lake. Kishikio chake cha asili, cha magazini ya risasi 10, kinawaacha wengi na kidole kimoja nje. Ganda la P365X, ndugu yake mwenye kishikio kirefu zaidi, linapokea slaidi ile ile fupi na magazini ya risasi 12, kidole kinapata pa kukaa. Wilson Combat nao wana ganda lao lenye michoro mikali zaidi na mkunjo mzuri chini ya kifyatulio, kwa bei isiyofika dola 100, na kwa maoni yangu ndiyo pesa inayotumika vizuri kuliko nyingine yoyote kwenye orodha hii baada ya mkanda. Kabla ya kulipa, tazama mambo mawili. Kama bastola yako ina kizuizi cha usalama cha kidole gumba, ganda liwe na nafasi yake. Na kama unaishi California au New York, magazini ya zaidi ya risasi 10 ni kosa la jinai, basi tafuta ya risasi 10 iliyotengenezwa kwa urefu huo.

Kuna gharama ambayo haimo kwenye risiti. Wanaovaa bastola kwa siri hudhani mtutu ndio mgumu kuficha, kumbe mtutu unazama ndani ya suruali na hauonekani kamwe. Kinachotokeza ukiinama kuchukua mtoto au kufunga kiatu ni kishikio. Sentimita moja unayoongeza kwa ajili ya kidole cha mwisho ndiyo hiyo hiyo inayochora pembe kwenye shati. Jaribu mbele ya kioo ukiwa na nguo unazovaa kweli, usijaribu na koti la baridi.

4. Kitako cha magazini chenye mahali pa kidole

Kwa wenye Glock 26 na wengine ambao namba imewafunga, hii ndiyo njia rahisi ya kupata urefu. Pearce Grip hutengeneza vitako vinavyochukua nafasi ya kile bapa cha kiwandani, kwa bei ya sahani ya biriani. Kipo kinachoongeza mahali pa kidole tu na kipo kinachoongeza risasi. Kwenye majimbo yenye kikomo soma maelezo vizuri kabla ya kuagiza. Ukibadilisha, shika springi kwa dole gumba unapovuta kile cha zamani. Inaruka, na inaruka usoni.

5. Mbavu za pembeni za G10, kwa wenye CZ

CZ 75 Compact ina fremu ya chuma na P-01 ya aloi ya alumini, na zote zina mbavu mbili zinazofungwa kwa skrubu, kwa hiyo kubadilisha ni kazi ya bisibisi. Hizi ni ndugu za ile bastola ambayo habari za Kenya huiita Ceska. LOK Grips na VZ Grips huchonga mbavu za G10, yaani nyuzi za kioo zilizoshindiliwa na epoksi, ngumu na zisizonywa jasho. Zipo nyembamba, na mkono mdogo utashangaa tofauti yake. Ni nzuri kwelikweli. Nimeziweka namba tano kwa sababu tu ni za wachache. Mbavu za Compact haziingii kwenye CZ 75 kubwa. Skrubu zikaze kwa mkono wa upole.

6. Soksi ya mpira

Hogue HandALL ndiyo maarufu, na maduka huipenda kwa sababu ni rahisi kuuza. Inashika vizuri na haikwaruzi. Lakini inanenepesha kishikio, na walio wengi wanaolalamika wana mikono midogo. Mpira pia unang'ang'ania shati, ukinyanyua mkono shati linapanda nalo na kila mtu dukani anajua umebeba nini. Inafaa bastola inayokaa kwenye sefu kando ya kitanda, na mkono mkubwa. Kuivisha ni mieleka. Maji ya moto yenye sabuni husaidia.

7. Alumini

Icarus Precision na wenzao huchonga kishikio kizima cha P365 kwa alumini. Ni kizuri kukitazama, uzito wake unapunguza teke la bastola, na bei inaweza kukaribia nusu ya bastola yenyewe au zaidi. Kama unashindana, sawa. Kama unaivaa mwilini Minnesota mwezi wa Januari, au inakaa ndani ya gari Texas mwezi wa Agosti, utajua kwa nini viwanda vilihamia plastiki.

8. Kuchoma plastiki

Watu huchukua chuma cha moto cha mafundi redio wakatoboa vinundu juu ya kishikio kizima. Kikifanywa na fundi mwenye mkono mtulivu au mashine ya leza, matokeo ni mazuri kuliko mkanda wowote. Kikifanywa mezani jikoni, ni plastiki iliyoungua, dhamana ya kiwanda imekwenda, na mnunuzi wa pili atakupunguzia bei kabla hajaishika. Ukikisogelea kibati chenye namba ukaiharibu, umevunja sheria ya serikali kuu. Sijui kwa nini mtu aanzie hapa wakati mkanda unabanduka.

Kitu kimoja hakimo kwenye orodha kwa makusudi: kishikio cha wima cha mbele, kile kinachofungwa chini ya mtutu. Ukikifunga kwenye bastola bila kibali cha ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, macho ya sheria hayaoni bastola tena. Yanaona silaha ya kundi jingine linalosajiliwa kwa namna yake, na kukaa nayo bila usajili kuna kifungo.

Chochote utakachobadilisha, kabla ya kukiamini hakikisha magazini zote zinaanguka zenyewe ukibonyeza kitufe, bastola inaingia kwenye ala yake hadi mwisho, na nenda uwanjani ukapige angalau boksi moja au mawili.

Sasa wale wenye mjomba Nairobi au Arusha anayeomba umletee ganda la P320. Usilitie kwenye sanduku kimyakimya. Usafirishaji wa sehemu za bunduki kutoka Marekani unasimamiwa, na tangu 2020 nyingi za kiraia ziko chini ya Wizara ya Biashara. Ukitua, Kenya kuna Bodi ya Leseni za Silaha na Tanzania kuna sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na ofisa wa forodha akiona umbo la bastola kwenye skana hatakuuliza habari za milimita. Mwenye leseni aulize kwanza ofisi iliyompa leseni, tena apate jibu la maandishi. Wakati anasubiri, afungue ule mfuko wa vipande vya mgongo uliokuja na bastola, na tyubu ya baiskeli inapatikana kila kona.