Maziwa fresh Tabata: nimehama duka

Jamani nimenunua maziwa hili duka la mtaani kwetu karibu mwezi mzima, bei poa na muuzaji mkarimu, ila juzi nimeyabandika jikoni kuchemsha tu yakakatika, mabonge mabonge juu, maji ya njano chini. Nikarudi kuchungulia, kumbe wanatunzia kwenye yale madumu ya mafuta ya kupikia, shingo nyembamba mkono haupiti kusugua, ndani kuna utando unateleza, bakteria wanajificha humo hata ukisuuza. Umeme ulikatika tangu asubuhi, friji la moto, na bado wanauza!!

Sasa nachukua kule stendi, wana keni za aluminiamu mdomo mpana, tangi la baridi kipimo kinasoma nyuzi 4, na laktomita wanaitumbukiza mbele yako uone kama yametiwa maji. Ghali kidogo ila roho imetulia. Nachemsha bado mpaka yapande juu, wenye watoto tafadhali msiwape mabichi, brusela na TB ya ng'ombe zinapita humohumo.

La kwanza nyota 1. La stendi 4, foleni ya asubuhi ndefu mno.