Makumbusho ya nyumba ya kale: jikoni safi, sebuleni bado

Kwa nyumba inayoendeshwa na chama kidogo cha historia cha mji, kazi ni nzuri. Jikoni ndiko kwenye utamu: pasi ya mkaa imeachwa na mpini wake ulioungua, hakuna aliyeupaka vanishi mpya. Afadhali!

Kasoro iko sebuleni. Gauni la hariri limetundikwa kwenye hanga mkabala na dirisha lisilo na pazia. Hariri haitakiwi kupata mwanga unaozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwangaza). Rangi ikishapauka hairudi, na uzito wa gauni lenyewe huchana mishono ya mabegani. Lilazwe sandukuni, mikunjo ijazwe karatasi laini isiyo na asidi.

Ngazi ni za wima mno. Piga simu kwanza, kwani waongozaji ni wa kujitolea.