Ramani ya ukutani ya reli za Kenya, nimekaa nayo mwezi sasa

Nilinunua hii ramani ya reli zote za Kenya, za zamani na za sasa, nikaibandika sebuleni. Naipa nyota 4 kwa 5, ile moja nitawaambia imeenda wapi.

Watu wengi ukiwatajia reli ya Kenya wanajua tu Mombasa, Nairobi, Kisumu, ile ilianza kujengwa 1896 ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, basi. Hapa unaona matawi, na matawi ndio utamu wenyewe jamani. Kuna Konza kwenda Magadi, iliyojengwa kufuata magadi ya Ziwa Magadi, kuna Voi kwenda Taveta ambayo Waingereza waliijenga mbio mbio wakati wa vita vya kwanza vya dunia wakienda kupigana na Wajerumani upande wa Tanganyika, kuna Kisumu–Butere, kuna Thika hadi Nanyuki, halafu ile ya Nakuru kupitia Eldoret hadi Malaba inaingia Uganda, na katawi ka Kitale kamechomoka hapo juu. Babu alikuwa anatuambia treni ilikuwa inatoka Gilgil inafika Nyahururu, sisi watoto tukidhani ni hadithi tu. Juzi shangazi amekuja nikamwonyesha hiyo laini kwa kidole, akasimama hapo kitambo hata chai ikapoa.

Sasa kasoro. Laini zilizokufa na zinazofanya kazi zote wamezipaka nyekundu ile ile, mtoto akiangalia atadhani kesho anaweza kupanda treni ya Nyahururu. Tawi la Solai wamelisahau kabisa. Na miaka hawakuandika hata mmoja, ilibidi nichukue kalamu nijazie mwenyewe, Magadi 1915, Kitale 1926.

Lakini iliyoniuma zaidi ni SGR, ile reli mpya ya kisasa. Wameichora mstari mmoja na reli ya zamani kutoka Mombasa hadi Nairobi, kana kwamba 2017 walikarabati tu ile ya mkoloni. Hapana, ni reli mbili! Ya zamani upana kati ya vyuma vyake ni mita 1, SGR ni milimita 1,435, behewa la huku haliwezi kutembea kule.

Karatasi ni nzito na maandishi yanasomeka ukiwa umekaa kwa kochi. Nimemwandikia muuzaji kuhusu rangi na SGR, akitoa yenye imerekebishwa nachukua ingine nipeleke shule ya msingi ya kijijini kwetu.