Kitufe cha "Ghairi": miezi 11 yangu kwenye poka ya mtandaoni

Nianze na alama: nyota mbili kati ya tano. Ningeandika haya mwezi wa nne tangu nianze, ningetoa tano zote na kuwaita na nyie mje.

Programu yenyewe siitaji jina. Ni ya kampuni ya nje, haimo kwenye orodha ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, na hilo nililijua siku ya kwanza nikalipuuza. Maana yake ni kwamba ukidhulumiwa huna ofisi ya kwenda kupiga kelele. Nimeitumia kwenye simu na kwenye laptop, kuanzia meza za senti hadi meza ya dola 2.50 na 5 (hayo ni madau ya lazima ya kuanzia kila mkono). Kwa wazungu hiyo si meza ya kutisha. Ila ukikaa pale unaweka mbele yako dola 500, na tukihesabu dola kwa shilingi 2,500 ili tusisumbuane, ni milioni moja na robo. Mimi nafanya kazi ofisi ya uwakala wa forodha Kurasini. Mshahara wangu haufiki hapo. Kwa hiyo kwangu lile ni dau kubwa, na anayebisha aje tulinganishe hati za mshahara.

Niliingia kwa kuchoshwa na mikeka. Timu kumi na mbili, kumi na moja zinakupa, moja inaruhusu bao dakika za nyongeza, mkeka umechanika. Jamaa mmoja kazini akaniambia achana na kubeti mipira ya watu, njoo kwenye mchezo wa akili. Akanipa habari za Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee (hilo ni jina lake kweli, hakujipachika), aliyelipa dola 86 kwenye shindano dogo la mtandaoni, likampa nafasi Las Vegas mwaka 2003, akawapita wachezaji wengine 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Mhasibu! Na mimi nashinda na hesabu za watu kutwa. Nikaiweka programu kwenye simu nikiwa ndani ya mwendokasi, kabla hatujafika Kimara.

Nisiwe mnafiki, mchezo ni mtamu, na una akili. Huchezi na kampuni, unacheza na wenzako, kampuni inakata chake katikati. Hii yangu ilikata asilimia 5 ya kila fungu, yaani pesa zote zilizowekwa mezani, mwisho dola 3. Nilijifunza kwamba ree mbili, karata kubwa kuliko zote, unagawiwa kwa wastani mara moja kila mikono 221, mkono ni mgao mmoja, kwa hiyo anayejifanya anazo kila baada ya dakika tano anazuga. Nilijifunza kutupa karata. Hapo ndipo penye kazi: kukaa saa nzima unatupa tu, kama mvuvi anayerudisha vidagaa baharini. Miezi minne ya mwanzo niliweka dola 50 nikazifikisha 610, kwenye meza za senti, dhidi ya watu waliokuwa hawatupi kitu.

Sasa hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wengi wakisimulia wanairuka, wanaanza na vilio. Mimi sikuanza kwa kuliwa, nilianza kwa kula. Ningeliwa zile 50 wiki ya kwanza ningekuwa nimeshasahau. Kula ndiko kulikonipandisha meza.

Na kupanda ni rahisi mno. Kwenye meza ya mbao, mgawaji wa binadamu anagawa mikono thelathini hivi kwa saa. Kwenye simu meza moja inakupa kama sabini, na unaweza kufungua nne kwa pamoja. Kila ukimaliza fungu zuri, juu ya kioo kinatokea kikaratasi: kuna kiti wazi meza ya juu. Unagusa, umeshakaa. Hakuna anayekuona umevaa nini wala anayeuliza umekula. Shilingi zimegeuka dola, dola zimegeuka vidude vya rangi, na vidude vya rangi havina uchungu.

Kuna kijana wa Sweden, Viktor Blom, alicheza kwa jina la Isildur1. Mwaka 2009, akiwa na miaka 19, alikaa na mabingwa kwenye meza kubwa kuliko zote mtandaoni, na siku moja ya Desemba akapoteza zaidi ya dola milioni 4 kwa mtu mmoja ndani ya saa chache. Nilipoisoma mara ya kwanza, mimi nilichokiona ni kwamba kumbe alikuwa nazo. Hapo jipimie mwenyewe nilikuwa nimefika wapi.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo ninapoitoza programu nyota.

Kuweka: sekunde kumi. Unatoa kwenye simu, unajaza kadi ya mtandaoni, dola zimeingia, wanakupongeza.

Kutoa: hadithi nyingine. Walitaka picha ya kitambulisho cha NIDA, sawa. Wakataka bili ya umeme yenye jina langu. Ndugu yangu, mimi mpangaji Tabata, umeme ni Luku, na mita ina jina la marehemu baba yake mwenye nyumba. Nikaenda serikali ya mtaa, nikaandikiwa barua, ikagongwa muhuri mzuri wa bluu, nikaipiga picha. Wakajibu hawaielewi lugha. Nikailipia itafsiriwe. Wiki mbili na nusu zikaisha.

Sikukata tamaa kwa sababu nilikuwa nimesoma habari za Full Tilt, tovuti ya poka. Aprili 15, 2011 serikali ya Marekani ilizifungia tovuti kubwa za poka, na vitabu vya Full Tilt vilipofunuliwa ikaonekana wachezaji wanaidai takriban dola milioni 390 wakati benki zilikuwepo milioni 60 hivi. Wamarekani walianza kurudishiwa pesa zao mwaka 2014. Kwa hiyo nilijiwekea sheria: salio likipita 1,000, natoa.

Mwezi wa kumi na moja tangu nianze likafika 1,140. Milioni mbili, laki nane na hamsini. Mwenye nyumba alikuwa anataka kodi ya miezi sita, milioni moja na laki nane, na nilishamwambia mke wangu mwaka huu hatukopi kwenye kikoba. Nikabonyeza kutoa. Ikaandika: inashughulikiwa, siku tatu. Na pembeni yake, kidogo, cha kijivu, kitufe cha Ghairi.

Siku tatu zile hela inakuwa si yako na si yao. Unaiona pale imelala. Uingereza wamekataza kampuni kumrudishia mteja pesa aliyoomba kuitoa ili aendelee kuichezea, tangu mwaka 2021. Sisi tunaocheza kwenye programu isiyo na mwenyewe hatuna wa kutukatazia. Usiku wa pili, saa saba, wote wamelala, nikagusa Ghairi. Hawakuuliza mara mbili. Kutoa kulitaka barua ya mtaa yenye muhuri na tafsiri. Kughairi kulitaka kidole gumba.

Nikakaa meza ya 2.50 na 5, na 500 mbele. Saa tisa kasoro nikagawiwa wafalme wawili. Nikapandisha hadi 15, mmoja tu akalipa. Karata tatu za mezani, za kutumiwa na wote, zikafunguliwa: ree ya kopa, 9 ya pau, 4 ya kopa. Akapitisha bila kuweka kitu, nikaweka 20, akapandisha hadi 70. Hapo pana ree mezani na mtu anayesema anayo. Mkono wangu wa meza za senti ungetupa huku unapiga miayo. Nikalipa. Ikaja 2 ya shupaza, akaweka 120. Nikalipa. Ikaja jeki ya uru, akasukuma zote zilizobaki, 295.

Saa ya duara inapungua kuzunguka picha yako. Nikaanza kupiga hesabu: fungu ni 707.50, nalipa 295, kwa hiyo nikiwa sahihi mara tatu tu kati ya kumi sijapata hasara. Na kopa ya tatu haijaja mezani, pengine alikuwa anaisubiri hiyo afikishe kopa tano, sasa anazuga. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Nilichokuwa nafanya ni kuigeuza hesabu kuwa wakili wangu. Kidole kilishaamua tangu kwenye zile 70, akili ilikuwa inaandaa tu maelezo ya kuwapa polisi. Nikalipa. Alikuwa na ree na tisa, jozi mbili dhidi ya jozi yangu moja ya wafalme.

Kila hatua alitumia muda ule ule, sekunde nne, tano. Mwaka 2019 watu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Facebook walionyesha programu iitwayo Pluribus inawashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita, kwa hiyo ukikaa usiku wa manane na jina lisilo na sura, swali la unacheza na nani linakuja lenyewe. Lakini ree na tisa haihitaji kompyuta. Hata shangazi yangu angenila.

Zile 640 zilizobaki hazina hadithi. Adhana ya alfajiri ilinikuta na salio la dola 3 na senti.

Sasa kitu ambacho sikukijua, na ndicho kinachoniudhi zaidi. Mimi nilikuwa nimejiwekea kikomo, dola 100 kwa wiki. Programu inaruhusu, ukiitafuta ndani ya kurasa tatu za mipangilio. Kumbe kikomo kinahesabu pesa mpya tu. Pesa uliyoghairi kuitoa haihesabiwi, inapita mlango wa nyuma. Ukishusha kikomo kinashuka papo hapo, ukikipandisha unasubiri saa 24. Hiyo ya kusubiri ni nzuri, nawapa nyota moja kwayo, ingawa mimi niliitumia vibaya: alfajiri ile ile nikaomba kikomo kipandishwe hadi 1,000.

Nikaenda kazini na usingizi machoni. Mchana mteja akanitumia milioni 4.3 za gharama za bandari, nimlipie mzigo wake kesho yake. Zikaingia kwenye laini ile ile ninayojazia kadi. Naandika hili polepole, maana sijalisema kwa watu wengi. Kutwa nzima nilikuwa natembea na saa mbili kichwani, moja ya kwenda kulipa bandarini na moja ya kikomo kufunguka. Nilishapanga hadi maneno: natumia milioni 2.5, narudisha kabla ofisi hazijafunguliwa. Mwizi hajioni mwizi akiwa na ratiba.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kikomo kimefunguka, kiasi nimeshaandika, feni ikasimama. Luku imekata. Mtandao wa ndani ukafa, na bando kwenye simu lilikwisha jioni. Nikabaki gizani na mbu, simu inazungusha kiduara tu. Mke wangu akasema kutoka chumbani, "Baba Nasra, si nilikwambia jana ununue umeme?"

Nikakopa salio, nikanunua wa elfu mbili, nikatoka nje kwenye mita na kuanza kuingiza namba ishirini kwa tochi ya simu. Nikakosea. Nikarudia. Mara ya tatu ikakubali, na jirani alikuwa ameshatoka kufagia, akanisalimia, "Umeamka mapema leo baba." Nikamjibu nimeamka. Sikurudi kwenye laptop. Saa mbili na nusu nikalipa mzigo wa mteja hadi shilingi ya mwisho. Wanaoniambia niliokolewa na maombi nawaheshimu, ila mimi nilikuwepo, na ilikuwa Luku.

Akaunti niliifunga wiki ile, moja kwa moja, isifunguke tena. Huduma kwa wateja walijibu ndani ya saa moja bila kudai barua ya mtaa, na hapo ndipo inatoka nyota ya pili. Kodi nililipa ya miezi mitatu baada ya kuuza laptop, na mwenye nyumba bado ananipita bila kunisalimia vizuri. Mke wangu anajua habari za wafalme wawili. Habari za milioni 4.3 atazisoma hapa.

Juzi dogo mmoja wa ofisini, anayejua niliwahi kupanda hadi zile meza, aliniomba nimfundishe. Nikamchorea ule mkono nyuma ya karatasi ya kontena: wafalme, ree mezani, 15, 70, 120, 295. Akaukodolea macho kitambo, akakuna kidevu.

"Kaka," akasema, "hiyo hata mimi ningelipa."